Mafuta Yaliyopanda Mteremko

Saa mbili asubuhi Helena, mpimaji wa mafuta, alichukua vipimo vyake katika kiwanda kidogo cha Mkunya, kinachogeuza mafuta ya maganda ya korosho kuwa gundi ya mbao. Katika kila ndoo mia zilizopita tangini, thelathini ziligeuka gundi. Sabini zilitoka vilevile zilivyoingia. Hilo halikuwa kosa. Zilitakiwa kurudishwa kwa pampu, zipite tena na tena mpaka nazo zigeuke.

Lakini pampu ilikufa tangu Ramadhani, na meneja Gideoni, mtu wa tai na kalamu tatu mfukoni, alizifungulia zile sabini zitiririke bondeni, kisimani kwa watu. Kwenye ripoti akaandika: ugeuzaji wa jumla, asilimia tisini na nane.

"Baba Isabela, ni thelathini," Helena alimwambia. "Kinachomwagwa hakijarudi."

"Wewe unapima tangi. Mimi napima kiwanda kizima."

"Kiwanda kizima ndicho kinachomwaga."

Gideoni akarekebisha tai.

Jumanne mafuta yakaanza kurudi. Yalipanda mteremko kwa njia ya wachota maji, meusi, taratibu, yakipumzika kwenye mawe. Mlinzi Rajabu aliyaandika saa ya kuingia, yakaenda tangini yenyewe.

Nyuma ya mafuta alikuja Somoe, mchota maji wa bondeni, ndoo kichwani.

"Shikamoo, Mama Rahima," Helena alisema.

"Marahaba. Yametupita njiani, hayana hata hodi." Akafunua viganja. Vilikuwa vimebabuka, ngozi inaning'inia. "Mengine yamebaki huku."

Helena alimpaka mafuta ya nazi. Mwisho wa wiki akapiga hesabu upya: katika ndoo mia mpya, tisini na nane zimekuwa gundi. Mbili hazikurudi. Akaandika mahali zilipo: mikononi mwa watu wa bondeni.

Gideoni alifuta mstari huo. Helena akakataa kutia saini, Gideoni akasaini kwa jina lake.

Wataalamu wawili walikuja na kamera. Waliyatazama mafuta yakipanda, wakauliza kama yanachoka mvua ikinyesha, wakasifu umeme uliookolewa. Gideoni akapewa cheti. Pampu ikang'olewa, bomba la kumwagia mafuta bondeni likaongezwa upana, na njiani kikasimikwa kibao: WACHOTA MAJI WAPISHE.

Kesho yake Somoe alisimama pembeni, kwenye mihogo, mpaka mafuta yalipokwisha kupita. Kisha akashuka kuchota.