Viti vya Mwenyekiti

Mdogo wangu mtaa mzima walimwita Mwenyekiti, na maisha yake yote hakuwahi kugombea hata ukiranja wa darasa. Jina lilitokana na viti sita vya mbao vya mama yetu. Jirani akifiwa au akiwa na harusi, viti vyetu vya sebuleni vilibebwa hivi hivi, nasi tukabaki wiki nzima tumekalia ndoo. Mdogo wangu alikuwa amemaliza shule, kazi hana, anashinda amelala chali akihesabu mabati. Yeye ndiye aliyekuwa akitumwa kuvirudisha, na yeye ndiye aliyeng'amua kwamba kitu kinachoazimwa kila wiki kinaweza kukodishwa.

Mama aliposikia habari za kukodisha aliwaka moto. "Utamtoza mtu aliyefiwa? Umekula nini wewe?" Wakanuniana siku kadhaa. Mwishowe mama akalegeza kamba. "Wenye harusi watoze mpaka walie. Lakini msibani uliza kwanza msiba wa nani. Ukishajua ni nani, ndipo ufungue mdomo kutaja bei."

Basi akawa anauliza. Akisikia ni mjane aliyeachiwa watoto wadogo, anapeleka viti bure na kubaki kuchota maji mpaka watu watawanyike. Akisikia ni yule tajiri wa maduka, anataja bei bila kupepesa macho. Watu wakampenda, maana alikuwa na sikio. Viti vya mbao vikazaa vya plastiki, vya plastiki vikazaa maturubai, yakafuata masufuria makubwa, jenereta, spika, na mwisho lori. Siku lori lilipokuja, mama alizungushwa mtaa mzima akiwa mbele na dereva, anapungia watu mkono, utadhani yeye ndiye bibi harusi.

Akafungua ofisi mjini, na huko ndiko kuuliza kulikoanza kumkera. Msichana wa mapokezi alikuwa akisimuliwa habari za marehemu naye analia huko huko kwenye simu, wateja wengine wanasubiri. Vijana wa lori nao walikuwa wakipunguza bei kwa huruma. Mdogo wangu akapiga marufuku. Akatunga maneno yake na kuwakaririsha wote: pole sana, uko mahali gani, mnategemea watu wangapi. Habari za marehemu haziwahusu.

Nikamwambia mama hatalipenda hilo.

"Dada," akanijibu, "mama alikuwa na viti sita. Mimi nikianza kumlilia kila marehemu, mishahara atalipa nani?"

Nilikasirika kwa sababu hesabu yake ilikuwa sahihi.

Akawa haonekani nyumbani. Vitu alileta, nisimsingizie. Alileta friji, godoro la mgonjwa, dawa za moyo za mama zisizopatikana ovyo. Mimi ndiye niliyekuwa nikiishi na mama, nashona nguo za watu pale pale sebuleni, na namsikia akinung'unika. "Friji haipigi stori," alikuwa akisema. "Mwambie Mwenyekiti aje akae." Daktari alikuwa ameshanivuta pembeni kuniambia moyo ule umechoka, na mdogo wangu nilimweleza. Alisema atakuja, kazi zikipungua. Kazi zikaongezeka.

Kisha akapata ukumbi. Lilikuwa ghala la zamani alilolimezea mate muda mrefu, na benki ikakubali kumkopesha. Usiku wa kuamkia kusaini akampigia mama mwenyewe. "Mama, kesho nikitoka benki nakuja moja kwa moja kukuonyesha funguo. Nitakaa mpaka unifukuze."

Asubuhi mama alioga mapema, akavaa gauni lake la maua, akaniambia nimtolee kiti kibarazani aone geti. Kila gari likipita ananiuliza, "Ndiye?" Nami namjibu, "Siye, mama." Nikaingia jikoni kupasha maziwa. Gari likapita, nikangoja aniulize. Hakuuliza.

Majirani walinisaidia kumwingiza ndani. Nilipiga simu ya mdogo wangu, imezimwa. Nikapiga tena na tena. Mume wa jirani akawasha pikipiki kumfuata benki, kumbe walipishana njiani. Mimi nikaona nijaribu ofisini kwake.

"Naomba kuongea na bosi."

"Bosi yuko kwenye kikao, hapatikani. Ni harusi au msiba?"

"Msiba. Lakini sikiliza, mimi ni—"

"Pole sana, mama yangu. Jikaze. Uko mahali gani?"

"Binti, nisikilize kwanza, huyu aliyefariki—"

"Pole, mama. Niambie mahali tu, tutakufikia."

Ingekuwa siku nyingine ningemtukana mpaka simu iungue. Lakini sauti yake ilikuwa ya upole wa kweli, na maneno yalikuwa ya mdogo wangu, neno kwa neno. Nikamwambia nyuma ya shule ya msingi, geti la bluu. Watu watakuwa wengi. Nilipotaka kusema zaidi, alishakata simu.

Lori lilifika kabla ya ndugu. Vijana walikuwa wageni, hawatujui. Wakatupa pole kwa adabu na kuanza kusimamisha turubai kwenye uwanja ulio mbele ya geti letu.

Hawajamaliza, gari la mdogo wangu likaja. Alipoona turubai lake uwanjani alidhani jirani amefiwa. Nilimsikia akiwaita vijana. "Hapa mmefunga vibaya. Jioni jua litawapiga wafiwa usoni. Geuzeni." Akavua koti, akashika kamba mwenyewe, akavuta. Kisha akatoa leso na kufuta vumbi kwenye viti vya mbele, kimoja kimoja, alivyokuwa akifuta vile vya mama. Nilikuwa nimesimama kibarazani namtazama. Nilimwona mdogo wangu wa zamani, yule mwenye sikio, na roho iliniuma sana kwamba mama hamwoni.

Akainua macho, akaniona. Akacheka, akanyanyua funguo juu.

"Dada! Mama yuko macho?"

Ndipo akawaona wanawake nyuma yangu, na kile kiti kibarazani, kitupu. Mkono ukashuka. Akawatazama vijana wake, lakini wao hawakuwa na cha kumwambia, kwa kuwa hawakuuliza.

"Dada," akasema taratibu, "msiba wa nani?"

Nikashuka ngazi, nikapita getini mpaka uwanjani. Nikavuta kiti kimoja katika vile alivyokwisha kuvifuta, nikakiweka mbele yake.

"Kaa kwanza," nikamwambia.

Hakukaa. Miaka yote ile alikuwa akiwapelekea watu viti, na alijua huambiwa nini wakishakaa. Akashika mgongo wa kiti kwa mikono miwili, funguo zikaanguka chini, akabaki amesimama.