Udi Kabla ya Kahawa

"Usiivute hivyo, utaichana," alisema Bi Tahira, na Wiam akaiachia jezi. Bibi aliitandaza juu ya kitenga cha fito, akasukuma chetezo chini yake, na moshi wa udi ukaanza kupanda taratibu.

Kazi aliyoajiriwa Bi Tahira pale chuoni Ibra ilikuwa kufagia ukumbi wa michezo na kufua jezi za wasichana wa mpira wa wavu. Kufukiza alikuzua mwenyewe, kwa udi wake mwenyewe, kwa sababu, alisema, mtoto wa watu hatoki mbele za watu akinuka sabuni ya unga. Mtu kama huyu mimi ningemwamkia shikamoo hata kama nimemzidi umri.

Wiam alikuwa mgeni, kahama kutoka chuo cha Sur, na jezi aliyokuwa akiingojea ni namba saba. Namba saba ilikuwa ya Khulood, kipenzi cha Bi Tahira. Wakati wa likizo Khulood alihamia Nizwa, alikopata ufadhili na kocha mzuri. Hakuaga. Jezi ililetwa na dereva, ndani ya mfuko wa plastiki, na jambo hilo lilimkaa Bi Tahira kooni kama mwiba wa samaki.

Na leo Nizwa wamekuja kucheza.

Mlango ulifunguliwa. "Shikamoo, Bibi." Khulood alisimama pale na jezi ya kijani ya Nizwa, kama mtoto aliyevunja sahani.

Marahaba haikutoka. Kahawa ilikuwa tayari ndani ya dele, tende kwenye sinia, vikombe vimepangwa. Bi Tahira alivipita vyote. Alinyanyua chetezo, akamsogezea Khulood chini ya kidevu.

"Jifukize."

Wasichana wa timu waliokuwa wakivaa viatu wakatazamana. Nani pale asiyejua? Mgeni huanza kwa tende na kahawa, akajaziwa tena na tena mpaka akitikise kikombe kuonyesha ametosheka. Udi huja mwisho, na ukishapita, mgeni anajua wakati wa kuondoka umefika. Kumpa mtu udi kabla ya kahawa ni kumwambia toka bila ya kufungua mdomo.

Khulood aliupunga moshi kifuani mara moja, kwa adabu, machozi yakimlengalenga. "Ahsante, Bibi," akasema, akatoka.

"Ndiyo stahili yake!" alisema Bi Tahira. Akakibwaga chetezo chini, jivu likamwagika.

Wiam aliinama kulizoa. Kiswahili chake ni cha kuokota kwa nyanya yake, alikisema polepole. "Mimi pia Sur sikuaga, Bibi. Wallahi niliogopa. Wasichana walinitoa kwenye gurupu ya simu siku ile ile. Na mama mmoja alikuwa anatufungulia ukumbi, mpaka leo naona haya kumpigia." Akaivaa namba saba, ya moto bado. "Wewe mimi unanifukizia. Khulood huko Nizwa, sijui nani anamfukizia."

Bi Tahira alimnyoosha kola, akamwambia nenda.

Mchezo ulikuwa mkali, wakafika seti ya mwisho wamelingana. Hapo Khulood aliruka kwenye wavu, mkono nyuma, mwili mzima umekaza, akaupiga mpira ukadunda upande wa Ibra, na Nizwa wakashinda. Kigelegele kikapasua ukumbi. Watu wakageuka kutazama. Alikuwa Bi Tahira! Timu yake imeshindwa, naye anapiga vigelegele. Alijiziba mdomo kwa ncha ya mtandio, lakini kilishatoka, na nani amewahi kukirudisha kigelegele?

Wageni walipokuwa wakikusanya mabegi alikwenda kusimama mbele yao.

"Khulood, njoo."

Alimpeleka chumbani, akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe. "Umenikosea, mwanangu, na mimi nimekukosea. Lakini mkubwa mimi. Nimemfukuza mgeni, mtoto wangu. Nisamehe." Akamsogezea tende, akamimina kahawa.

Khulood alikishika kikombe kwa mikono miwili. "Nilijua nikikuona, Bibi, sitokwenda."

"Ungekwenda. Ningekufukiza mwenyewe, ukaenda Nizwa unanukia."

Khulood alicheka na kulia kwa pamoja, akanywa, akajaziwa, akanywa. Nje dereva wa basi la Nizwa alipiga honi. Wiam, akidhani anasaidia, alinyanyua chetezo.

"Kiweke chini," alisema Bi Tahira. "Bado."

Honi ililia tena, safari hii ndefu. Khulood alinyoosha kikombe kitupu kwa Bibi, mkono umetulia, haukutikisika hata kidogo.