Wimbo wa Kulalia wa Pyo Gwang-seok

Pyo Gwang-seok anasinzia juu ya piano mchana wa jua kali, hedifoni zikiwa bado masikioni, na ule mlango ulio kwenye skrini, katika filamu anayoitungia muziki, ambao muuaji anasubiriwa kuuingia, unamfungukia yeye. Anaingia. Barabara ni ya vioo, inajikunja na kurudi ilikotoka, na kila kioo kinamwonyesha Seoul nyingine iliyo kimya. Mbele yake anatembea mtu asiye na uso. Karibu, Mwalimu, anasema, watu wako wanakusubiri. Watu gani? Wale uliowabembeleza wakichinjwa. Pyo anaelewa. Ndio mtindo uliompa jina: damu ikimwagika kwenye filamu yeye hapigi ngoma wala tarumbeta, anaweka wimbo laini, wa kitoto, na watazamaji wanaumia maradufu. Hakufundishwa na mtu; nyimbo zote alizitoa kwa marehemu mama yake, aliyekuwa akiimba huku akitia kabichi chumvi. Umebaki mmoja tu ambao hajauuza, ule aliolalishwa nao, na mwongozaji anataka muziki wa mauaji ya mwisho leo hii.

Barabara inakuwa mji, na watu wanatoka milangoni, huyu koo limekatwa, yule kichwa kimepasuliwa kwa nyundo. Haya, fundi wa machozi, mmoja anamcheka, leo umetuletea utamu gani? Katikati yao, ameinama juu ya beseni la kabichi, yuko mama yake. Mama, niimbie ule wa kulalia, mara moja tu, nimeanza kuusahau. Anza wewe, mwanangu. Pyo anaanza, na papo hapo umati unaziba masikio, unakimbia, na mama anajishika koo. Yuko wapi, anauliza, mwenye kisu yuko wapi? Hakuna kisu, mama, wimbo huu ni wetu, sijauuza bado. Asiye na uso anacheka. Hapa hakuna neno bado, Mwalimu.

Anazinduka, shavu juu ya piano. Kwenye simu kuna ujumbe wa mwongozaji: Wimbo nimeupata, Mwalimu, umeniua kabisa. Hakumbuki kuutuma. Katika chumba cha pili binti yake Seo-rin anamlaza mwanawe kwa wimbo ule ule, na mtoto anapiga yowe la mtu aliyeona kisu. Seo-rin, nyamaza! anafoka Pyo akifika mlangoni. Kwa nini, baba? Si ndio uliokuwa ukinilaza nao? Seo-rin amesimama dirishani, amempa mgongo. Pyo anamngoja ageuke aone kama ana uso, na moyoni anaomba asigeuke.