Muthokoi wa Kikapuni

Mama yangu, Waringa wa duka la vyombo pale Emali, hawezi kuona sufuria imefunikwa akapita. Hilo nalijua tangu utotoni, na bado sikumwonya.

Ilikuwa siku ya mwisho ya masomo ya likizo katika chuo kikuu kimoja huko Kitui. Sisi wa Gredi ya Tisa tulikuwa tumeishi kifalme: kwenye maabara kila mtu na kipimajoto chake, si kama shuleni kwetu, darasa zima kung'ang'ania kimoja. Nilitaka sana kurudi kwenye masomo ya Desemba. Lakini ili urudi, ilibidi ueleze kazi yako mbele ya wazazi, kwa mdomo wako mwenyewe. Na mimi mbele za watu huwa bubu. Kanisani niliwahi kupewa mstari mmoja tu wa kukariri, nikalia mbele ya kwaya nzima.

Mwenzangu Muthoki, mtoto wa kutoka Matiliku, haogopi mtu. Kazi yetu ilikuwa kikapu cha kupikia bila moto. Unachemsha muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa pamoja na maharagwe, kisha unaitia sufuria ndani ya kikapu chenye blanketi, unafunika kwa mto, na joto lililomo linamalizia kazi. Sharti ni moja: usifunue mpaka adhuhuri.

Wazazi walialikwa kuja kutusikiliza. Mama alisikia "wazazi mje" akaelewa visiting, ile siku ya kuwatembelea watoto shuleni na chakula. Alifika na chapati, kuku wa kukaanga, leso ya kutandika kwenye nyasi, na mwiko wake. Tulipokuwa ukumbini tukipanga viti, akaiona kule maabara meza yenye jina langu, na juu yake chakula kisicho na mwenyewe.

Akafunua. Akakoroga. Akaonja, akaongeza chumvi, akaita mama wawili wengine waonje pia. Tuliporudi, kikapu kilikuwa wazi na mvuke ulishaisha.

"Nani anaacha chakula hivi?" akaniuliza, kama mimi ndiye mkosaji. "Hata chumvi hamkuweka!"

Muthoki alishika kichwa. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Zamu yetu ikafika. Muthoki akasema sehemu yake vizuri, akagawa vijiko. Wazazi wakatafuna. Wakaendelea kutafuna. Mwalimu Mwau, aliyetufundisha wiki nzima, akanigeukia kwa upole. "Gakenia, tueleze."

Ulimi ukaganda. Desemba yangu ilikuwa inaenda hivyo nikiitazama.

Ndipo mama akainua mkono kule nyuma. "Mwalimu, haya maharagwe hayajaiva. Hiki kikapu hakifanyi kazi."

"Kinafanya!" Nilishtuka sauti ilivyotoka. "Ni wewe umefunua, mama! Joto si kitu cha kuona, ndiyo maana mnalichezea. Tulifunika sufuria ikitokota. Kila ukifunua mvuke unatoka, na hapa hakuna moto wa kuurudisha. Wewe umefunua, umekoroga, umeita watu! Hata jiko lako la Emali ungelizima nusu saa halafu ulilaumu?"

Watu wakacheka, na mimi sikunyamaza. Nikaeleza blanketi, nikaeleza mto, nikaeleza kuni ambazo nyumba moja ingeokoa. Nilipoishiwa pumzi, Mwalimu Mwau alikuwa anaandika jina langu kwenye orodha ya Desemba.

"Huyo ni mtoto wa Waringa kabisa," mama akamwambia jirani yake, kwa sauti ya kusikika hadi getini. "Sikieni hiyo sauti."

Tukachemsha tena ile sufuria, tukairudisha kikapuni, tukaketi kwenye nyasi kula kuku na chapati tukisubiri. Sijawahi kushiba kwa furaha namna ile. Mama aliketi karibu na kikapu, mwiko mapajani. Mzee mmoja akapita, akainama, akagusa ule mto.

Mama akampiga mkono kwa mwiko.

"Usifunue! Mtoto wangu amesema."