Umevua Maji

Siku ya tisa tangu mumewe alazwe, Saima Rautio aliingia hospitalini akiwa ameficha ufito wa kuvulia ndani ya koti. Ulikuwa mfupi, urefu wa kutoka kiwiko hadi vidole, na ncha yake nyembamba kiasi kwamba ukiipulizia pumzi inainama. Tauno, mumewe, aliupara mwenyewe kwa kipande cha chupa, jioni baada ya jioni, vumbi likiingia kwenye kahawa ya kila mtu, na ukimlalamikia anakuambia unywe tu, ni mti.

Sasa Tauno alikuwa amelala chali, mashine ikimpumulia. Kiharusi kilimwangusha akiwa anatoboa barafu ya ziwa ili avue. Wiki mbili nzima kichwa kilikuwa kikimuuma naye akisema ni baridi tu. Mficha maradhi kilio humuumbua, na kilio chenyewe kiliwaangukia wengine. Daktari aliwaambia waziwazi kwamba hakuna tena mtu wa kurudi. Tauno naye aliandika zamani, akiwa mzima wa afya, kwamba asije akaachwa kwenye mashine. Lililobaki lilikuwa neno la Saima, na neno hilo lilitakiwa saa nane mchana.

Aliyekataa katakata ni Lorna, binti yao wa pekee. "Jana kidole kilicheza," alisema. "Nimekiona mwenyewe, Mama. Mnataka kumzika baba yangu mzima."

Maneno hayo yalimkaa Saima kooni kama mwiba wa samaki. Je, kama ni kweli? Daktari ana mashine zake, lakini kuona kitu kidogo kinachojificha, hiyo ilikuwa kazi ya Saima.

Kwenye Ziwa Hautala, baridi ikishakolea, samaki hawana nguvu wala tamaa. Hawavuti chambo. Wanakionja tu kama mgonjwa anayeonja uji, kisha wanakitema. Ukingoja mkono usikie, utarudi nyumbani na ndoo tupu, kwa hiyo watu hutazama ncha ya ufito. Miaka arobaini na mmoja Saima na Tauno walikaa kibanda kimoja juu ya barafu, migongo ikigusana, kila mmoja na tundu lake la kuvulia. Na kibanda kilikuwa na sheria yake. Ukisema samaki amedonoa, ukavuta, ukakuta hakuna kitu, wenzako wanakuambia, "Umevua maji," na wewe ndiye unayetoka nje kwenye upepo kuleta kuni za jiko.

Saima alileta kuni majira mawili ya baridi mfululizo.

"Lakini imecheza, nimeiona," alikuwa akibisha.

"Maji nayo yanacheza, bibie," Tauno alimjibu bila kugeuka. "Ziwa lina pumzi yake. Usitafute kinachocheza. Tafuta kitakachoharibu mchezo."

Basi pale hospitalini Saima aliikata ndoana kwa mkasi, akaufunga mshipi kwenye kidole cha shahada cha mumewe. Ufito akaulaza juu ya meza ya kitanda, mpini ukiwa umekandamizwa na jagi la maji, mshipi ukanyooka bila kuvuta. Muuguzi alichungulia, akaona, akaufunga mlango taratibu. Hata yeye alikuwa mtoto wa mvuvi.

Ncha ilitulia kidogo. Kisha ikaanza kutetemeka.

"Mama." Lorna, aliyesimama nyuma yake, alimshika bega. "Mama, anadonoa. Yupo. Anatuita." Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja.

Moyo wa Saima ulikwisha kuruka kabla binti yake hajasema. Tusimsingizie ushujaa: kwa kitambo kile aliamini kila kitu, akamwona Tauno amerudi jikoni, ananuna kwamba kahawa imepoa. Alitamani kuamini hivyo hadi siku yake ya kufa. Ila macho yalikwisha kuzoea kazi yao, yakaendelea kuifanya bila ruhusa yake. Mtetemo mdogo, wa haraka, wa sawasawa: huo ni moyo. Juu yake kupanda na kushuka polepole, kila mashine inapovuta pumzi.

Alimwinamia mumewe sikioni. "Tauno, ni mimi. Uharibu mchezo, mzee. Mara moja tu. Kuni nitaleta mimi, kila siku, mpaka nife."

Wakangoja. Saa sita ikawa saa saba. Mkate wa iliki aliouoka Lorna ulikauka ndani ya karatasi yake, hakuna aliyeugusa. Saima hakuondoa jicho kwenye ncha. Mara mbili alianza maombi na mara mbili akayasahau katikati.

"Si unaona?" Lorna alisema mwishowe. "Haijasimama hata mara moja."

"Naona, mwanangu. Haijasimama hata mara moja." Saima alisema bila kugeuka. "Na samaki angeisimamisha."

Akamgeukia binti yake.

"Umevua maji, Lorna."

Maneno hayo Lorna aliyajua tangu ana miaka mitano, na hakuwahi kuyasikia bila kicheko nyuma yake. Akaitazama ncha, sasa kwa namna aliyofundishwa na baba yake, kwa muda mrefu. Kisha akakilaza kichwa chake juu ya magoti ya Tauno, akalia kwa sauti. Saima alimpapasa nywele, akimhurumia, akijichukia kidogo kwa kujua.

Saa nane alisema neno lake. Waliondoa mashine, naye akawaomba wauache mshipi. Kule kupanda na kushuka kulikoma papo hapo. Ule mtetemo mdogo ukabaki peke yake, ukaendelea, ukaanza kukosea, ukapumzika, ukarudi. Saima aliushika mpini kwa vidole viwili kama alivyoushika miaka yote.

"Ameondoka," alisema, kabla muuguzi hajaweka vidole shingoni mwa Tauno.

Akalifungua fundo bila kulikata. Akauzungusha mshipi taratibu hadi mwisho, maana Tauno hakupenda mshipi uliozungushwa ovyo.

Walipofika nyumbani jiko lilikuwa limezimika tangu asubuhi. Lorna hakuvua koti. Alipita moja kwa moja hadi mlango wa nyuma, akatoka kwenye upepo, akaelekea kwenye rundo la kuni.

Saima alibaki amesimama jikoni, vifungo viwili vya koti vikiwa tayari wazi. Kisha akavifunga tena, akamfuata, kwa sababu kule hospitalini naye alivua maji, tena kabla Lorna hajafungua mdomo.