Jicho la Kushoto la Shakiru

Kila asubuhi kabla ya mazoezi, Shakiru aliketi kizingitini akamnyooshea dada yake mikono, naye Hadija akamfunga bandeji: kifundo mara tatu, kiganja mara tatu, kisha katikati ya vidole. Ilikuwa kazi ya kimya, na Hadija aliipenda kwa sababu haikumtaka aseme lolote. Alhamisi ile, alipomaliza, alimwekea kikombe cha chai upande wa kushoto. Shakiru akanyoosha mkono, akashika hewa. Akanyoosha tena. Kikombe kikapinduka, chai ikatiririka hadi uani.

"Una nini?" Hadija akauliza.

"Kikombe kilikuwa cha moto."

"Hukukigusa, Shaki."

Mdogo wake akainamisha kichwa. Kisha akamwambia: tangu pambano la mwezi uliopita, upande wa kushoto kuna ukungu. Unakuja na kuondoka.

"Usimwambie mama, wala kocha. Miaka minne nimepigana ngumi za ridhaa, nikirudi nyumbani na soda na cheti. Keshokutwa naingia ngumi za kulipwa. Nikijitoa sasa, nani ataniita tena? Niahidi, dada."

Hadija akaahidi, na tangu hapo hakupata raha. Kwenye ngumi za ridhaa klabuni kwao walivaa kofia ya kukinga kichwa. Keshokutwa hakuna kofia, na glovu ni nyembamba zaidi. Mabondia wenyewe husema ngumi unayoiona inauma. Usiyoiona ndiyo inayoua.

Mchana akapanda Old Moshi, nyumbani kwa kocha Efraimu. Kwenye mpaka wa shamba moja la migomba aliomba jani la isale, kama alivyofundishwa na bibi yake mzaa mama: Mchagga akiletewa isale, ombi la aliyelileta halikataliwi.

"Shikamoo, kocha."

"Marahaba, binti." Efraimu alikuwa akiwakatia ng'ombe majani. Alipoliona isale akaweka panga chini, akafuta mikono kwenye suruali, akalipokea kwa mikono miwili. "Mtoto wa mjini, wa Majengo, nani amekufundisha mambo haya?"

"Bibi."

"Bibi yako ni mtu wa hatari. Haya, sema. Nimeshakubali kabla sijasikia."

Maneno yalikuwa kwenye ncha ya ulimi: mtoe Shakiru kwenye pambano. Lakini akamwona Shakiru akilini, akijifunga bandeji mwenyewe kila asubuhi, amempa mgongo.

"Naomba... umwangalie vizuri."

Efraimu akashusha pumzi, akacheka. "Hilo tu? Hilo ningelifanya hata ungeniletea jani la mgomba."

Hadija alishuka mlima akilia. Ombi lisilokataliwa alikuwa amelipata, akalitumia kuomba alichokuwa nacho tayari.

Ijumaa mabondia wakapimwa uzito na afya katika ukumbi mmoja mjini. Mpinzani, Godlove kutoka Arusha, akavua shati akamkagua Shakiru toka juu hadi chini.

"Huyu ni bondia au fito?"

"Fito ndiyo inayochapa," Shakiru akajibu, na watu wakacheka.

Hadija, aliyekaa nyuma na mkoba wa mdogo wake magotini, hakucheka. Alikuwa akitazama mkono wa kulia wa Godlove. Mkono ule ungekuja kutokea upande wa ukungu.

Daktari alikuwa amebandika karatasi ya herufi ukutani. "Funika jicho moja, usome."

Shakiru akafunika la kushoto kwa kiganja cha kushoto. Akasoma mistari yote bila kukwama.

"Badilisha."

Akabadilisha mkono. Kiganja cha kulia kikapanda, kikafunika jicho lile lile la kushoto, naye akasoma tena, haraka kidogo, mpaka mstari wa mwisho. Daktari alikuwa ameinama akiandika. Kocha Efraimu alikuwa kwenye mzani akibishania gramu.

"Safi," daktari akasema, akavuta pedi ya wino na mhuri.

Hadija hakujua alisimama saa ngapi. Mkoba ulianguka, watu wakageuka, na macho yao yakamchoma usoni.

"Daktari," akasema, lakini sauti haikufika popote.

"Dada, kaa chini," Shakiru akasema polepole. "Uliniahidi."

Mhuri ukainuka.

"Daktari, usigonge." Safari hii ukumbi mzima ulimsikia. "Kafunika jicho moja mara mbili. La kushoto halioni vizuri, nimelijua tangu jana nikanyamaza. Sitaki apigane kesho. Naogopa atakufa."