Kibo Upande wa Kushoto

Saa ya chakula Fortunata hakula. Aliteremsha shata la duka la ndoo la kaka yake Tarsis, akavuka Mtaa wa Mkunguni akipenya katikati ya mikokoteni na wapagazi, miguu ikimtangulia. Ilikuwa miaka ile Kariakoo imeachama domo, inameza kila kinachoshushwa kutoka Dubai, na katika vilivyoshushwa zilikuwamo kompyuta. Mzee Harilal alizipanga dukani kwake kama zamani alivyopanga majora ya khanga, na mwanawe Chintan alijitengea moja nyuma ya pazia. Ndani ya hiyo moja mlikuwa na ndege.

Si ndege za kisasa zinazojiendesha zenyewe huku rubani akinywa chai. Wawili hawa walipenda zile kuukuu, Dakota hasa, lile dege la propela mbili ambalo likiwa chini hukalia mkia na kuinua pua kama mwenye dharau. Walilirusha kwenye programu, wakapiga picha za skrini, wakazituma kwa barua pepe kwa kikundi cha watu wenye ugonjwa kama wao, waliotapakaa kutoka Mombasa mpaka Kanada. Mmoja wao alikuwa Kapteni Bushiri, rubani mstaafu aliyekuwa na Dakota yake ya kweli, chuma kitupu. Alikuwa ameandika kwamba Jumamosi atatua Dar, na kwamba nyuma ya kiti cha rubani kimebaki kiti kimoja. Atakayempendeza kwa picha ya Dakota ikiingia Moshi atamzungusha juu ya jiji.

Kiti kimoja, na Dar kikundi kilikuwa na watu wawili tu.

Fortunata alikuwa ameshatuma picha yake. Usiku alikuwa halali, anakigeuza tu kile kiti kichwani. Hakuwahi kupanda ndege. Kwao Moshi walikwenda kwa basi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Huyo rubani wako yuko ndani. Mwambie wateja hawashuki na parashuti, aje awahudumie."

Nyuma ya pazia Chintan aligeuka, uso umemng'aa. "Mambo, Mchaga?"

"Poa. Nionyeshe."

"Keti kwanza usije ukaanguka."

Aliketi, na kweli karibu aanguke. Dakota ilikuwa imelala ubavu kidogo, bawa limeshika jua la asubuhi, propela zimekuwa ukungu wa fedha, na nyuma yake mlima umejaa skrini nzima. Yake, akiilinganisha, ilikuwa kama picha ya kitambulisho.

"Sema kitu basi," Chintan alisema. "Au wivu umekukaba?"

Macho ya Fortunata yalikuwa yamekwama mlimani. Mawenzi, kile kilele chenye meno, kilikuwa kushoto. Kibo kilikuwa kulia.

Chintan alizaliwa Upanga, hapa hapa Dar. Kilimanjaro alikuwa akiijua kwenye kalenda. Alitafuta jua zuri, akaipeleka ndege mpaka upande wa Kenya, akapiga picha, akaandika chini yake "Naingia Moshi". Kapteni Bushiri alikuwa ameingia Moshi nusu ya maisha yake. Angeitupa hiyo picha kabla hajamaliza kuitazama.

"Unaituma lini?" aliuliza Fortunata.

"Jioni. Baba akishafunga hesabu."

"Nzuri," alisema Fortunata, akatoka.

Hakurudi dukani. Alikwenda mpaka Mnazi Mmoja, akageuka, akarudi mpaka Msimbazi, akageuka tena. Alinunua muhogo wa kuchoma akausahau mkononi. Kunyamaza si kosa, alijiambia. Nani alimtuma asijue? Mwaka mzima kompyuta yake, umeme wa baba yake, yeye anaruka mpaka usiku na mimi naibia dakika za chakula. Mara hii anibebe Mungu.

Lakini kila alipofumba macho aliuona mlima umekaa kinyume. Utotoni, mama yake alikuwa akimsimamisha uani kila asubuhi amwoshe uso, na Kibo kikiwa pale, kushoto, juu ya migomba. Kuuona umegeuzwa kulimkera kama kumwona mama yake kavalishwa gauni nyuma mbele na watu wanapiga makofi.

Jioni alirudi nyuma ya pazia akihema. Chintan alikuwa na kidole kwenye kitufe.

"Acha! Mjinga wewe, huo mgongo!"

"Mgongo wa nini?"

"Wa mlima! Umeupigia Kenya. Ukiingia Moshi Kibo iko kushoto, Mawenzi kulia. Hata mtoto wa kwetu anayenyonya anajua."

Chintan aliitazama skrini, kisha akamtazama yeye, polepole. "Sasa kwa nini umeniambia?"

"Usiniulize! Ruka upya kabla sijabadili mawazo."

Akaruka upya. Fortunata alisimama nyuma yake akiuma kucha, akifoka, "Shuka kidogo. Kushoto. Kushoto, bwana, unataka kugonga kanisa?" Picha ilipotoka ilikuwa nzuri kuliko ile ya kwanza. Aliona hivyo kabla ya Chintan mwenyewe.

Ijumaa jibu lilikuja. Kiti kilikwenda kwa Chintan.

Jumamosi saa nne, Tarsis akiwa anamwita kwa jina lake lote, Fortunata alikimbia mpaka Mnazi Mmoja. Aliusikia mngurumo kabla hajaiona ndege, mzito, wa injini mbili zisizopatana vizuri. Ikatokea juu ya mapaa, ya fedha, chini kuliko alivyotegemea, ikampitisha kivuli usoni.

"Dege gani hilo la kizamani?" aliuliza Mrisho, muuza kahawa.

"Dakota."

"Mbona unalia?"

"Silii. Mle ndani kuna kiti changu."

Mrisho alilitazama dege likipinda kuelekea Feri, baharini. "Nani kakunyang'anya?"

"Hakuna," alisema Fortunata, na machozi yakimteremka alianza kutembea kwa haraka upande ule ule Dakota ilikoelekea, kana kwamba angeiwahi.